Satelaiti ya Bongo: nani ataandika programu yake?

Juzi nilikuwa kafe moja ya Tandika. Dogo wa pembeni alikuwa anahamisha video za harusi, mara flashi ikajaa. Ikabidi aanze kuchagua: hii ibaki, hii ifutwe. Nikacheka peke yangu, maana darubini ya James Webb ina tatizo hilohilo kila siku.

Ilirushwa 25 Desemba 2021, na kituo cha Malindi, hapo Kenya tu, kilikuwa kati ya vile vilivyothibitisha kuwa mawimbi yake yamepatikana. Sasa iko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, inanasa miale ya infraredi ambayo macho yetu hayaioni.

Pigeni hesabu na mimi. Kamera yake ya NIRCam ina vipande 10 vya kunasa mwanga, kila kimoja nukta 2048 kwa 2048. Ikisoma vyote mfululizo, mara moja kila sekunde kama 11, kwa siku inafika zaidi ya GB 600. Nafasi ya kutunzia data za kisayansi huko juu ni kama GB 59 tu! Na bando la kuteremshia nalo lina mwisho.

Kwa hiyo kompyuta inachakata hukohuko. Kwenye mpangilio wa DEEP8, katika kila picha 20 inachukua 8, inazitafutia wastani, inatunza moja. Wastani unapunguza chenga. Zile 12 zinaachwa, na hazirudi hata ulie. Ndiyo maana mwanasayansi anachagua mpangilio mapema.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 2023 Rais Samia alisema nchi iko mbioni kurusha satelaiti yake. Vijiweni ninakopita watu wanabishania bei na roketi. Mimi nauliza: nani ataamua picha ipi ishuke, ipi ifutwe? Φ-sat-1 ya Ulaya, iliyorushwa 2020, ilijaribu kutupa yenyewe picha zenye mawingu. Safi, inaokoa bando. Lakini siku bonde la Msimbazi limefurika, si kutakuwa na mawingu? Mtu wa Kigogo anaitaka hiyohiyo picha yenye upenyo mdogo!

Vijana wetu wapelekwe wakaandike hiyo programu, siyo kwenda kupiga picha na roketi. Tukinunua tu kitu kilichokamilika, tutakuwa tunaona kile mwenzetu alichoamua tuone.

Nawasilisha. Mnasemaje wadau?