Kujiunga Sekunde Kumi, Kujitoa Dakika Arobaini

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zilinibana. Leo narudi nikiwa na hasira, kwa hivyo ndugu msomaji nivumilie.

Jumamosi iliyopita mjomba wangu alinipigia simu. Ni mwalimu mstaafu na pensheni yake hupitia benki. "Mjomba," akaniambia, "kuna mwizi kwenye kadi yangu. Njoo na hiyo kompyuta yako."

Nilifika, tukaipitia taarifa ya benki mstari kwa mstari. Mwizi hakuwapo. Mwaka jana binti yake alimnunulia runinga mpya, akamuunganishia huduma moja ya kutazama filamu mtandaoni: siku 7 za bure, weka namba za kadi, umemaliza. Mjomba alitazama filamu mbili, akachoka, akaifuta ile programu kwenye runinga. Akadhani yameisha. Kumbe kila mwezi, kwa miezi 8, shilingi 900 zilikuwa zikitoka. Hesabu ni rahisi: shilingi 7,200 kwa kitu ambacho hakukitazama.

"Lakini niliifuta!" akasema. Kweli aliifuta. Lakini kufuta programu si kukatiza usajili. Programu iko kwenye runinga yako. Usajili uko kwenye kompyuta zao. Nani alimwambia hivyo? Hakuna.

Basi mimi, mtu ninayekula kwa kuandika programu, nikakaa nimtoe. Ilinichukua dakika 40. Kwenye runinga hakuna kitufe. Kwenye simu hakuna. Kwenye tovuti kipo, chini ya "Akaunti", ndani ya "Mpango wako", chini kabisa ya ukurasa. Ukikipata unaulizwa kwa nini unaondoka. Ukijibu unaonyeshwa filamu utakazozikosa. Ukikaza moyo unapewa nusu bei. Ukikataa unaombwa usimamishe kwa mwezi mmoja tu. Katika kila ukurasa, kitufe kikubwa chenye rangi kinasema "Baki nasi", na njia ya kutoka ni maandishi madogo ya kijivu ambayo mzee wa miaka 68 hayaoni hata akivaa miwani.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilizijua kurasa zile. Miaka michache iliyopita mteja wangu mmoja (si wa filamu, lakini naye alikuwa akitoza watu kila mwezi) aliniambia, "Tupunguze wanaoondoka." Nikamwongezea kurasa mbili na kitufe cha kijivu. Nikalipwa, nikashukuru. Sikuwaza kwamba upande wa pili kuna mjomba wa mtu.

Mbinu hizi si bahati mbaya wala si uzembe wa mafundi. Mwaka 2010 Mwingereza Harry Brignull, mtaalamu wa muundo wa tovuti, alianza kuzikusanya na kuzipa majina. Mojawapo ni ile ya mahali pa kuingia kwa urahisi na kutoka kwa taabu. Watu wa Pwani wana kitu hicho tangu zamani: dema. Samaki anaingia mwenyewe, mlango uko wazi, chambo kizuri. Anapogeuka ndipo anagundua mlango ule ulisukwa kwa ajili ya kuingia tu.

Kama unadhani natia chumvi, tazama Marekani. Juni 2023 tume yao ya biashara, FTC, iliishtaki Amazon kuhusu usajili wa Prime, ambao ndani yake mna filamu za Prime Video. Kwa mujibu wa mashtaka, kujitoa kulihitaji kurasa 4, kubofya mara 6, na kupita katikati ya machaguo 15. Na ndani ya kampuni njia hiyo ilikuwa na jina: Iliad, kama ule utenzi mrefu wa Kigiriki wa vita vya Troy! Mtu hakipi kitu jina la namna hiyo bila kujua anachokifanya. Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi, bila kukiri kosa. Kati ya hizo, bilioni 1.5 ni za kurudishiwa wateja.

Oktoba 2024 tume hiyo hiyo ilipitisha kanuni kwamba kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga. Julai 2025, siku chache kabla haijaanza kutumika kikamilifu, mahakama ya rufaa ikaifuta kwa sababu tume iliruka hatua moja ya utaratibu. Ujerumani wao walikwisha maliza: tangu tarehe 1 Julai 2022, anayeuza usajili mtandaoni lazima aweke kitufe cha kujitoa kinachoonekana wazi.

Na sisi? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji na ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuruhusu kuondoa idhini yako wakati wowote. Sasa, ikiwa naweza kuondoa idhini ya jina langu na namba yangu ya simu wakati wowote, mbona idhini ya pesa zangu iwe ngumu zaidi?

Najua watakaosema, "Si angesoma masharti?" Hebu tuwe wakweli. Wewe uliyasoma lini mara ya mwisho? Mwenye huduma anajua hayasomwi, ndiyo maana anaficha humo yale asiyotaka kuyasema kwa sauti.

Wengine watasema malipo ya kujirudia ni kumrahisishia mteja, asikatiziwe filamu katikati. Mkenya huyu anayenunua tokeni za umeme? Anayeweka kredo ya shilingi 20? King'amuzi cha mjomba kikiisha mwezi, picha inapotea. Akiwa na pesa analipa kwa M-Pesa, asipokuwa nazo anasikiliza redio. Hajawahi kulalamika kwamba ameibiwa. Katika mpango huo, "ndiyo" ni pale anapolipa. Katika mpango wa kadi, kimya chake ndicho "ndiyo". Kuna tofauti kubwa hapo, na ndani ya tofauti hiyo ndimo pesa zinamopita. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba si cha mjomba.

Na msiniambie kwamba haiwezekani kiufundi. Kompyuta zao zinajua ulisimamisha filamu dakika ya ngapi, zishindwe kujua kwamba hujafungua kitu kwa miezi 8? Mei 2020 Netflix ilitangaza kwamba itawauliza wateja waliokuwa hawajatazama chochote tangu wajiunge mwaka mmoja nyuma, na walioacha kutazama kwa zaidi ya miaka 2, kama bado wanataka huduma. Asiyejibu anakatiziwa malipo. Kwa fundi, hilo ni swali moja kwa hifadhidata na barua pepe moja. Ni kazi ya alasiri.

Kabla sijamaliza, mambo manne ya kukusaidia leo:

1. Angalia taarifa ya benki ujue nani anakutoza. Ikiwa ni Google, jitoe kupitia Play Store, sehemu ya malipo na usajili. Ikiwa ni Apple, fungua mipangilio ya simu, bonyeza jina lako, kisha usajili. Ikiwa ni kampuni yenyewe, nenda kwenye tovuti yake.
2. Ukianza siku za bure, jitoe siku hiyo hiyo. Huduma nyingi zitakuacha umalize siku zako. Chache hukata papo hapo, kwa hivyo soma kwanza.
3. Usiridhike mpaka upate barua pepe ya kuthibitisha. Ihifadhi.
4. Usitumie kadi inayopokea mshahara au pensheni. Tumia yenye pesa kidogo.

Lakini sitaki mzigo huu ubaki kwa wazee wetu. Sisi tunaoandika programu ndio tunaosuka madema haya. Bosi anasema "ficha kitufe", lakini kitufe hakijifichi. Kuna mkono unaokificha. Tunaweza kusema hapana. Tukishindwa kusema hapana, angalau tuulize, mbele ya mkutano na kwa sauti, kwa nini kuingia ni ukurasa mmoja na kutoka ni minne.

Shilingi 7,200 za mjomba hazijarudi. Walimrudishia 900 za mwezi wa mwisho, kisha wakamtumia barua ya kumkaribisha tena. Mimi Jumatatu nilimwandikia yule mteja wangu wa zamani, nikamwambia nitaziondoa zile kurasa mbili bure. Hajajibu. Nitamwandikia tena.