Aliyetubu na Abadilishiwe Njia

Mfungo mosi haujafika nusu, mama mmoja alitujia baada ya swala ya Isha, machozi yakimtoka. Mumewe, ambaye Ramadhani nzima hakuonja tone, amerudia mnazi. “Sheikh,” akatuuliza, “ile toba ilikuwa ya uongo?”

Tukiri kosa letu. Tulipokutana na bwana huyo tulimkemea kwa udhaifu wa imani, naye akainama asijibu. Baadaye ndipo tulipomwuliza lililostahili kutangulia: uliteleza wapi, na saa ngapi? Akasema ilikuwa jioni, siku aliyolipwa ujira wake na kuambiwa kazi imekwisha. Na njia yake ya nyumbani yapita kando ya mangwe.

Katika miaka ya 1990, mtaalamu Wolfram Schultz aliwachunguza kima waliopewa matone ya sharubati baada ya ishara. Mwanzoni, seli za ubongo zitoazo dopamini zilisisimka kwa sharubati. Walipokwisha kujifunza, zilisisimka kwa ishara yenyewe, kabla tone halijafika. Pombe nayo huiamsha dopamini hiyo. Hivyo harufu, rafiki, kona na saa, vyote hugeuka kuwa wito. Na dhiki ikimzidi mtu, huelekea kufuata mazoea kuliko kupima mwisho wa jambo.

Sasa twaelewa: Ramadhani ilimwondolea wito ule. Jioni ilikuwa ya futari, usiku wa tarawehe. Mwezi ulipoandama, njia ikabaki ile ile, na dhiki ikaongezeka. Toba yake haikuwa ya uongo; iliachwa bila ulinzi.

Haya si udhuru, kwani pombe ni haramu. Lakini tukumbuke hadithi sahihi ya mtu aliyeua watu tisini na tisa, kisha akatimiza mia. Mwanachuoni alimwambia mlango wa toba u wazi, na papo hapo akamwamuru aihame nchi yake, akaishi na watu wema.

Basi majirani wawili sasa humpitia bwana huyo kila alasiri, wakaswali naye Magharibi, wakarejea naye kwa njia nyingine. Akipata kibarua, kwa ridhaa yake, malipo hutumwa kwenye simu ya mkewe.

Nasi tuliomkemea twamwomba radhi. Mwenyezi Mungu amthibitishe, na atusamehe sote. Amin.