Zawadi kwa Aliyekonda Kuliko Wenziwe

Kampuni moja ya hapa Dar es Salaam, ambayo jina lake nalihifadhi, imewatangazia watumishi wake mashindano ya miezi 3 ya kupunguza unene. Mizani ikawekwa ukumbini karibu na mlango, na ubaoni yakabandikwa majina ya watu pamoja na kilo zao, hata kila apitaye, awe tarishi au mgeni aliyekuja kudai malipo yake, akasoma nani ana kilo 94 na nani ana 112. Na atakayepungua kuliko wenziwe ameahidiwa fedha taslimu. Nia yao sina haja ya kuituhumu. Walakini mashindano yenyewe ni dhuluma, tena dhuluma iliyojengwa juu ya kutojua jambo ambalo mabingwa wamekwisha kulichunguza na kulibainisha.

Wanaoyatetea wana hoja zao, na insafu ni kuzitaja. Husema kwamba hapana anenepaye bila ya kula, ni kweli. Husema pia kwamba apunguzaye hata asilimia 5 ya uzito wake aghalabu hupata nafuu ya sukari na ya shinikizo la damu. Hilo nalo ni kweli, na tabibu yeyote atalithibitisha. Tuwape yote mawili. Lakini swali halikuwa kama mtu aweza kukonda kwa miezi 3, bali ni lipi linalomfika baadaye, na hapo ndipo watetezi wanaponyamaza.

Lau wangaliuliza, wangalijibiwa na mashindano yaliyotangulia haya yao. Huko Marekani kulikuwa na kipindi cha televisheni kilichoitwa The Biggest Loser, ambamo watu wanene mno walishindana kukonda mbele ya kamera. Mtafiti Kevin Hall na wenziwe waliwapima tena washindani 14 wa msimu mmoja miaka 6 baada ya mashindano, wakatangaza waliyoyaona mwaka 2016. Siku ya kufunga, watu wale walikuwa wamepoteza kwa wastani kilo 58. Miaka 6 baadaye, kilo 41 katika hizo zilikuwa zimerudi, watano wakiwa karibu na pale walipoanzia au wamepapita, na mmoja tu ndiye ambaye hakurudisha kitu.

Msomaji mwenye haraka atasema ni uvivu. Basi na aitazame hesabu ya pili. Miili ya watu wale, ikiwa imetulia bila ya kazi yoyote, ilikuwa ikichoma kila siku kalori zipatazo 500 pungufu ya zile zilizotazamiwa kwa mwili wa kadiri ile, yaani karibu na chapati 2 za mafuta, ambazo jirani mwenye uzito ule ule huzila zikateketea zikiupa mwili wake joto, ilhali huyu akizila humganda kiunoni. Na la ajabu zaidi, waliofaulu kuuzuia uzito usirudi ndio hasa ambao miili yao ilikuwa imebana matumizi kupita wengine.

Sababu si siri. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, waliyoigundua Jeffrey Friedman na wenziwe huko New York mwaka 1994, nayo kazi yake ni kuuarifu ubongo juu ya akiba iliyopo; mafuta yakipungua leptini hushuka, na ubongo, mithili ya mwenye ghala aliyefikia gunia la mwisho, huamuru matumizi yabanwe na njaa izidi. Ubongo haujui kupambanua aliyekonda kwa hiari na aliyekondeshwa na ukame. Watafiti wa Australia waliwakondesha watu kwa majuma 10 ya kula kidogo mno, na mwaka mzima baadaye waliikuta amri ile ingali ikipita: homoni ya njaa iko juu, za shibe ziko chini.

Sasa, enyi mabwana wa uongozi, mtu huyu ndiye mliyemwandika ubaoni! Yuko mwanamke wa idara ya hesabu ambaye tangu mashindano yaanze chakula chake cha mchana ni yai na tango, naye huhimizwa kujitahidi na kijana mwembamba anayetafuna sambusa ya tatu. Kijana yule hana fadhila yoyote ila aila alimozaliwa. Mtafiti Claude Bouchard wa Quebec aliwalisha jozi 12 za mapacha wa kiume ziada ya kalori 1,000 kwa siku, siku 84. Mmoja akaongezeka kilo 4 na ushei, mwingine 13, na pacha alimfuata pachaye. Na sambusa zenyewe, pamoja na soda, ni za kampuni, huletwa saa 4 kila penye mkutano, na mikutano haikosekani.

Ikiwa mashindano hayana budi, watu wapimwe faraghani na tabibu, apime na sukari na shinikizo la damu, ambayo ndiyo yenye kuua. Saa 4 yaletwe mapapai na maji. Na zawadi iwekwe benki mpaka miaka 6 ipite, ndipo wapimwe tena. Mhasibu wao atalalamika kwamba hawezi kuandika vitabuni deni la miaka 6 asilojua ni la nani, na alalamike.