Kwa Mwenye Kudai Bolti Zote ni Sawa

Mwandishi aliyedai kwamba bolti yoyote ya chuma kisichoshika kutu yatosha kukazia flanji za mabomba ya maji ya bahari, mradi yang'aa, ametoa fatwa pasi na ilimu. Kwani daraja la A2, lisilotiwa molibdeni, huliwa na chumvi vitundu vitundu, ilhali la A4, lenye molibdeni asilimia 2 hadi 3, hustahimili zaidi, ingawa nalo si maasumu. Ama kauli yake kwamba chuma hiki kwa tabia yake chakishinda cha kawaida kwa nguvu, haina asili: bolti ya A2-70 huhimili mvuto wa megapaskali 700, na ya kawaida ya daraja la 8.8 huhimili 800. Wala hakutaja, ajabu kwa ajiitaye fundi, kwamba bolti na nati za chuma kisichoshika kutu, zikikazwa kavu kwa pupa, hugandamana hesi hata hazifunguki ila kwa msumeno.