Fundi wa CCTV hakukuuliza: picha zikae siku ngapi?

Fundi akija kukuwekea CCTV atakuuliza unataka kamera ngapi. Atakuonyesha kwenye simu yake vile picha ya usiku inatoka na rangi, na wewe utatoa pesa. Swali ambalo hatauliza ni hili: picha zikae siku ngapi kabla ya kufutwa? Hapo ndipo wengi wetu tunachezwa.

Chukua boma la kawaida huku kwetu Asumbi. Nyumba imejengwa na mtu anayefanya kazi Nairobi au Kisumu. Nyumbani yuko mama na kijana wa ng'ombe; mwenyewe hufika Krismasi, Pasaka, au kukiwa na matanga. Pampu ya maji ikitolewa stoo usiku, nani atajua kesho yake? Watagundua wiki tatu baadaye, siku inapohitajika. Mnafungua rekoda, na picha ya zamani kabisa ni ya Jumanne iliyopita.

Hesabu yenyewe si ngumu, na mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usiniambie imekushinda. Kamera ya megapikseli 2 iliyowekwa kwenye H.264 hutumia kama megabiti 4 kwa sekunde. Kwa siku nzima hiyo ni gigabaiti 43. Kamera nne ni karibu 173. Diski ya terabaiti 1, ambayo mafundi hupenda kuweka ili bei ionekane poa, inajaa kabla siku ya sita haijaisha, kisha mashine inaanza kuandika juu ya picha za zamani. Haikuambii kitu.

Sasa badilisha setingi moja tu: kutoka H.264 uende H.265, kama mashine yako inaikubali. Mzigo unashuka karibu nusu na macho yako hayataona tofauti kubwa. Weka na diski ya terabaiti 4, una siku 46. Kamera za upande wa nyuma unaweza kuziambia zirekodi tu kitu kikisonga, siku ziongezeke zaidi. Lakini ile ya geti iache irekodi saa zote. Kamera ya bei ya chini huona migomba ikipigwa na upepo vizuri sana, halafu mtu anayetembea polepole gizani inamwacha apite.

Diski nayo isiwe ile iliyong'olewa kwenye kompyuta. Seagate wenyewe wanasema BarraCuda, ya kompyuta, imepimwa kwa kazi ya terabaiti 55 kwa mwaka na saa 2,400 za kuwaka. Mwaka una saa 8,760. Kamera zetu nne za H.264 zinaandika terabaiti 63. SkyHawk, ambayo imetengenezwa kwa CCTV, imepimwa terabaiti 180 na kuwaka mwaka mzima. WD Purple ni ya ukoo huo huo. Na hata ukiambiwa ni mpya, omba ichomekwe kwenye kompyuta muangalie saa ilizowaka kwa CrystalDiskInfo. Najua hata hiyo si kinga kamili. Mapema 2025 Ujerumani waligundua diski za Seagate zilizotumika zikiuzwa kama mpya, rekodi ya saa ikiwa imefutwa. Kama ni huko, wewe wa Luthuli Avenue jipange.

Wale wa kamera ya balbu, memori kadi ya gigabaiti 64 haiwafikishi siku tatu wakirekodi mfululizo. Na kadi iko ndani ya balbu. Mwizi akiifungua ameondoka na shahidi.

Ukiona nimekazania diski hivi, kumbuka Juni 2025. Albert Ojwang, mwalimu na bloga, alikamatwa nyumbani kwao Kakoth, hapa hapa Kaunti ya Homa Bay, na kesho yake akawa amekufa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi. Kituo kilikuwa na kamera. IPOA ikawaambia maseneta kwamba mfumo wa CCTV ulikuwa umechezewa na diski kufutwa. Nchi nzima ikajifunza kwamba kamera kuwepo ni jambo moja, na nani anafikia diski ni jambo lingine kabisa.

Kwa hivyo rekoda isikae kando ya TV sebuleni. Ifungie kabatini penye hewa, na ubadilishe pasiwadi aliyoacha fundi.

Basi tuweke mwaka mzima? Mimi napinga. Huku kuna chuo cha walimu na ploti za kupanga, na kamera ya korido inajua nani alimtembelea nani na aliondoka saa ngapi. Miezi kumi na miwili ya hayo mikononi mwa keteka ni udaku, si usalama. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakataza kuweka data ya watu kuliko inavyohitajika. Inasamehe shughuli za nyumbani kwako tu, lakini ploti yenye wapangaji ni biashara. Kwa ploti, siku 30 zinatosha. Kwa boma la mzee asiyefika mara kwa mara, 60.

Na kitu kikitokea, usirekodi skrini kwa simu. Nakili faili yenyewe kwenye flashi siku hiyo hiyo, kabla haijaandikwa juu, na uandike ni nani aliyenakili na lini. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kwa ushahidi wa kielektroniki. Kabla ya yote linganisha saa ya rekoda na ya simu yako. Stima ikipotea na ile betri ndogo ya duara ndani ikiwa imekufa, mashine inaweza kuamka ikiamini ni mwaka 2000, na wakili wa mwizi atafurahi sana. Nyingi hutumia CR2032. Hata fundi wa saa sokoni huwa nayo.