SEHEMU YA PILI NI CHANGA LA MACHO

Kuna wizi ambao huwezi kuufungulia jalada polisi. Mwizi hakukuvizia uchochoroni wala hakukutolea kisu. Alikuonyesha picha ya shetani mwenye macho mekundu, ukaingiza mkono mfukoni mwenyewe, ukampa hela huku unacheka. Wizi huo unaitwa "sehemu ya pili".

Masela wa Matogoro, Lizaboni na Bombambili wananielewa. Kabla umeme wa gridi haujatufikia kutoka Makambako mwaka 2018, Songea ilikuwa mji wa majenereta ya dizeli, na kuingia kwenye kibanda cha video ilikuwa bahati nasibu. Unalipa kiingilio, mnabanana kwenye benchi, baridi ya mlimani inapenya kwenye nyufa za mbao, halafu umeme unakatika shetani akiwa ndiyo kwanza anashika kitasa cha mlango. Hatukununa. Filamu ya kutisha ikiwa nzuri, hata lile giza lilikuwa sehemu ya burudani. Sisi wa huku chini ya mlima tulirudi nyumbani tukitembea katikati ya barabara, watano watano, na aliyesikia kitu kichakani hakusema.

Chukua Anaconda ya mwaka 1997. Nani hakuiona? Jon Voight, yule adui mwinda nyoka, anamezwa mzima mzima, kisha nyoka anamtapika, na yeye katikati ya ute ule anamkonyezea jicho Jennifer Lopez! Kibanda kizima kilisimama. Kijiweni hapakuwa na hadithi nyingine.

Ikatangazwa ya pili mwaka 2004. Watu tukajipanga, waliokopa wakakopa. Kulikoni? Lopez hayumo, Ice Cube hayumo, hata mmoja wa wale wa mwanzo hayumo. Nyoka wa Amazon kahamishiwa Borneo, kisiwa cha Asia ambako anakonda hajapata kuishi porini, na picha zenyewe wakaenda kuzipigia Fiji. Ni sawa na mtu akuletee filamu ya mamba wa mto Ruvuma aliyepigwa picha kwenye barafu ya Kilimanjaro. Kisa chenyewe si kibaya: kampuni ya dawa inasaka ua linalochanua kila baada ya miaka saba, na tamaa inawafikisha watu pabaya. Lakini wenye filamu hawakuiamini tamaa hiyo. Wakajaza shimo zima nyoka wanaovingirishana. Yule wa kwanza tulimwogopa kwa sababu muda mwingi hatukujua yuko wapi. Hawa wa pili tuliwahesabu.

Wanajua kwamba jina limeshauzika, basi wanauza jina. Filamu ya papa, Jaws, iliburuzwa hadi sehemu ya nne mwaka 1987, ambapo tunaambiwa papa anaiandama familia moja mpaka Bahamas kana kwamba wamekula hela yake ya mchezo. Na asiniambie mtu kwamba sehemu ya pili haiwezi kuwa nzuri. Aliens ya James Cameron ya mwaka 1986 ilimrudisha steringi yule yule, Sigourney Weaver, mwanamke anayeota ndoto mbaya kwa yaliyompata kwanza, akarudishwa kwenye jinamizi lile lile akijua kabisa linafanya nini. Hapo woga umeongezeka kwa haki, kwa sababu kuna mtu anaubeba.

Hao lakini ni Wamarekani, wana hela ya kuchezea. Kinachouma ni cha nyumbani.

Mwaka 2003 Mussa Banzi alitoa Nsyuka. Jina tu lilitosha: neno la Kinyakyusa la mzimu, la majirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Mwaka 2005 ikaja Shumileta, jini mwanamke. Picha zilikuwa za kubabaisha, sauti zilikwaruza, sawa. Ila kilichotutisha kilikuwa chetu, kile ambacho bibi alikitaja kwa kunong'ona. Tukasema sasa Bongo tumepata.

Halafu wafanyabiashara wakaingia kazini. Sehemu ya pili ya Kibongo mara nyingi haikuwa hata filamu ya pili. Ilikuwa ile ile, imekatwa kati kwa panga kama muwa na kuuzwa vipande viwili. Ili muwa urefuke, tukauziwa geti linalofunguliwa taratibu, gari linaloingia taratibu, mtu anayepanda ngazi mpaka juu, kisha anapokea simu. Mzimu uliokuachia kiherehere mwishoni mwa kipande cha kwanza unakuja kukemewa kwa dakika tano za maombi, basi, kwisha. Mlalahoi kalizwa mara mbili kwa hadithi moja.

Na wakubwa? Tangu Sheria ya Filamu ya mwaka 1976 nchi ina bodi ya kukagua filamu, inaangalia mapaja na matusi. Mwaka 2013 serikali ikaanza kubandika stempu za kodi kwenye kanda na diski. Vipande viwili, stempu mbili! Kwa hesabu hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza kama ndani mna filamu moja au nusu.

Watajitetea kwamba hadithi zimekwisha. Waje Songea. Kinjikitile wa Ngarambe alisemekana kuingia bwawani akitwaliwa na Hongo, pepo wa maji mwenye umbo la nyoka, akatoka kesho yake nguo zikiwa kavu. Akaahidi maji yatakayozuia risasi. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza. Ya pili ilichezwa hapa hapa mjini, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani walipowanyonga wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60 na kuwafukia kwenye kaburi moja. Ahadi ya maji ilifikia kwenye kamba, na hakuna aliyehitaji kuirefusha kwa geti na ngazi.

Ya tatu bado. Inaaminika kichwa cha Nduna Songea Mbano kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wao, Frank-Walter Steinmeier, alisimama hapa Songea, akaomba radhi na kuahidi kwamba kitatafutwa. Shujaa aliyezikwa bila kichwa, kichwa kiko kabatini kwa watu, na mji mzima umebeba jina lake: filamu hiyo nitailipia hata mara mbili. Mwenye kamera aanzie makaburini Mahenge, asiniambie ameipigia Fiji.