Nyasi Zinafyekwa, Majina Yanafutika

Ujerumani kaburi hupangishwa. Familia hulipia miaka 20 au 30 hivi, na muda ukiisha bila mtu wa kuendelea kulipa, jiwe huondolewa, mwingine akazikwa papo hapo. Wayahudi hawaufuati utaratibu huo. Kwa sheria ya dini yao aliyezikwa hasumbuliwi tena, na mahali pa kuzikia wenyewe hupaita nyumba ya milele.

Ndiyo maana mjini Worms, katika makaburi ya Heiliger Sand, mawe ya karne ya 11 yamesimama hadi leo. Humo amelala Rabi Meir wa Rothenburg, aliyefia kifungoni mwaka 1293. Watawala waliuzuia mwili wake hadi 1307, tajiri mmoja, Alexander ben Salomon, alipoukomboa kwa fedha zake. Naye alipofariki alizikwa ubavuni mwa rabi. Mawe yao yako bega kwa bega, na wanaozuru huyawekea vijiwe na vikaratasi vya dua.

Lakini si kila mahali pana wa kuzuru. Ujerumani ina makaburi ya Kiyahudi yapatayo 2,000, mengi katika miji midogo ambako Wanazi hawakuacha Myahudi hata mmoja. Mwaka 1957 serikali kuu na majimbo yalikubaliana kuyagharimia: nyasi zifyekwe, uzio usimame, mawe yasiangukie watu. Ni deni, wala si hisani, na kwa hilo wamelipa vema. Ila jina lililochongwa halikuwamo katika hesabu.

Na jina ndilo linalokufa sasa. Mawe mengi ni ya mchanga: maji hupenya, baridi huyagandisha, jiwe likabanduka ganda kwa ganda. Utaikuta mikono miwili ya baraka, alama ya ukoo wa makuhani, ingali wazi. Chini yake, palipokuwa na jina, ukigusa unabaki na vumbi jekundu kidoleni.

Wapo wanaosema jiwe nalo liachwe lichakae, maana kulikarabati ni kuingilia mapumziko ya marehemu. Nawaheshimu. Lakini kupiga picha na kunakili Kiebrania hakumsumbui aliye chini. Na kusoma kuna tija: mwaka 1987, jengo lilipobomolewa huko Würzburg, ndani ya kuta zake yalikutwa mawe ya makaburi na vipande karibu 1,500, ya kati ya 1147 na 1346, yaliyokuwa yamegeuzwa matofali. Waliposoma, wataalamu walikutana na wanaume, wanawake na watoto wa jumuiya iliyoangamizwa mwaka 1349.

Taasisi ya Salomon Ludwig Steinheim huko Essen inakusanya maandishi ya namna hiyo, mji baada ya mji. Kila jimbo liajiri msomaji wa Kiebrania na mpiga picha, walipwe kutoka fungu lilelile la kufyekea nyasi, waanze na mawe yanayobanduka. Baridi ijayo haingoji kikao cha bajeti.